Sumayiya Atoo na Kijiji Kisichokubalika Kwenye Fomu

Saa tatu asubuhi, Ntinda, Kampala, imeshajaa honi. Kwenye mlango wa supamaketi moja, Sumayiya Atoo anafungua mkoba wa mama mmoja mwenye haraka, anachungulia, anaufunga. "Asante nyabo, pita." Bunduki iliyoning'inia begani ni ya kampuni. Buti ni zake, maana kampuni ilikata bei yake kwenye mshahara.

Simu yake iko ndani ya soksi. Askari wa getini haruhusiwi kuwa na simu kazini, lakini wiki hii Sumayiya hana ujanja. Anasubiri kupigiwa.

"Afande Kijiji!" Ocira, mwenzake wa zamu, anamwita. "Leo umetokea kijiji gani?"

"Cha kwenu. Nimefuata ng'ombe wa mahari ya dada yangu, mmemwoa mkakaa kimya."

Wote wawili wanacheka. Hilo jina la utani, hata hivyo, limetokana na jambo lisilochekesha.

Sumayiya ana miaka thelathini kasoro miezi miwili. Analipwa shilingi laki mbili na themanini elfu kwa mwezi, kwa saa kumi na mbili za kusimama kila siku, na akiugua siku hiyo hailipwi. Ameomba kazi kwenye kikosi cha serikali kinacholinda majengo ya umma. Huko kuna matibabu, kuna pensheni, na kuna chumba kambini. Umri wa mwisho kuajiriwa ni miaka thelathini. Asipopita mwaka huu, hatapita tena.

Alama za vidole zake zilipita. Hana kesi, hajawahi kulala rumande. Walimu wake walijibu, mwajiri alijibu. Kilichomkwamisha ni kisanduku kimoja katika fomu ya uchunguzi, chembamba kama kiberiti: *Kijiji ulikokulia.*

Aliandika ukweli: "Kambi ya polisi, Kampala, yunipoti ya tatu kutoka bombani."

Yunipoti, kwa asiyezijua, ni vile vibanda vya bati vya mviringo ambamo serikali iliwapanga polisi wake na familia zao. Jua likiwaka unaiva, mvua ikinyesha husikii mtu wa kando yako anasema nini. Humo ndimo alimozaliwa na kulelewa.

Karani alikata jibu hilo kwa kalamu nyekundu.

"Kambi si kijiji, nyabo," alimwambia. "Nenda kwenu, ulete barua ya mwenyekiti wa kijiji anayekujua tangu utotoni."

"Kwenu wapi?" Sumayiya anauliza sasa, akiwa bado na hasira. "Baba yangu Mwacholi wa Kitgum, Mkristo. Mama yangu Mnubi wa Bombo, Mwislamu. Jirani huku Mgisu, jirani huku Mlugbara. Pale bombani tulikuwa tunagombania foleni kwa Kiswahili, maana ndicho kila mtu alichokisikia. Kiacholi mimi nakisikia tu. Nikikisema nang'ata ulimi."

Baba yake, Konstebo Okidi, aliuawa kwa risasi akiwa kazini, Sumayiya akiwa na miaka kumi na sita. Mazishi hayajapoa, mjane akapewa wiki moja kuhama. Siku ya kutoka, alikuja mtu wa stoo na mwenzake.

"Walihesabu bati," anakumbuka. "Waliogopa mama asije akaondoka na bati la serikali. Walihesabu mpaka komeo la mlango. Sisi watoto tumekaa juu ya mabegi, hakuna aliyetuhesabu."

Muda si mrefu kambi yote ikabomolewa. Wenyeji waliambiwa yatajengwa maghorofa. Mpaka leo panaota majani.

Hata hivyo Sumayiya alimtii karani. Alipanda basi hadi Kitgum kumtafuta mwenyekiti, Mzee Ocaya. Hakudaiwa hata senti. Mzee alimkaribisha, akamwonyesha kaburi la babu yake, kisha akamwambia ukweli.

"Mwanangu, babu yako nilimjua vizuri. Wewe nakuona leo. Lakini nitakuandikia kwamba ulikulia hapa. Nani atajua?"

Ilikuwa barua ya bure, na kazi ilikuwa ndani yake. Sumayiya alishukuru, akaikataa.

Pale chini ya fomu, juu ya mstari wa sahihi, imeandikwa kwamba kusema uongo ni kosa la jinai.

"Wananitaka niwe mwongo ndipo waamini kwamba mimi ni mwaminifu," anasema. "Kazi yenyewe ni kulinda mali ya serikali, halafu naanza kwa kuidanganya serikali? Na kijiji changu nikifute kwa mkono wangu? Wamekibomoa wao. Mimi siwasaidii."

Alirudi Kampala mikono mitupu, akaenda kwenye maduka ya Kikuubo, kwa Mama Nakhisa, jirani yao wa kambini. Huyu ni mjane wa polisi, Mgisu, anayewauzia wapagazi kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage. Alisikiliza bila kuacha kukata.

"Huyo karani anataka mwenyekiti tu?" alisema mwishowe. "Basi tutampelekea kijiji kizima."

Akachukua simu. Jumanne iliyopita wakafika ofisini kwa karani wajane, wastaafu, na watoto wa kambini ambao sasa ni watu wazima. Mmoja alitoka hospitali ya Mulago na sare yake ya uuguzi, zamu ndiyo kwanza imeisha. Walijaza benchi, wakajaza korido.

"Nyinyi ni nani?" karani aliuliza.

"Kijiji," akajibu Mama Nakhisa.

"Mama, nimeshasema, kambi si..."

"Wewe mtoto, ngoja. Mama yake huyu nilimzalisha mimi, kwenye godoro lenye mhuri wa serikali. Maji ya bomba la serikali. Bati la serikali. Sasa serikali inaniuliza mimi huyu katokea wapi?"

Korido ililipuka kwa kicheko. Karani aliomba watu wanyamaze, wakazidi. Ndipo mkubwa wake, mwanamke wa makamo, akatoka ofisini na kuuliza nani anaweza kuthibitisha hayo kwa maandishi.

Sajini mstaafu Tarcisio, ambaye enzi zake ndiye aliyekuwa akigawa vyumba kambini, akasogea mezani. "Mimi, afande. Yunipoti ya Okidi nilimkabidhi mimi. Mlango wake ulikuwa unagoma kufunga."

Akaandika. Waliobaki wakatia sahihi mmoja mmoja, na asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Kalamu nyekundu haikuonekana tena. Fomu ikagongwa mhuri wa kupokelewa, na Sumayiya akaambiwa wachunguzi watampigia simu, waende wapaone mahali penyewe.

Hajaahidiwa kazi. Analijua hilo, wala hajidanganyi. Inawezekana mtu akaifungia fomu hiyo kwenye droo mpaka Sumayiya apitwe na umri. Yamewapata wengi.

Lakini mpango umeshapangwa. Kwenye majani yale, sakafu za saruji za mviringo bado zipo, ukitafuta unaziona. Simu ikilia, Mama Nakhisa atafunga biashara, muuguzi atabadilisha zamu, na Sajini Tarcisio atasimama pale bomba lilipokuwa. Kila mtu atasimama palipokuwa mlango wake.

"Waje na kalamu yao," anasema Sumayiya. "Waanzie bombani, wahesabu mpaka ya tatu. Watanikuta mlangoni."

Gari linaingia. Ananyanyua mkono, linasimama, anakagua buti ya nyuma, anaruhusu. Ocira anamuuliza je, wakimrudishia tena fomu, wakisema kisanduku ni kidogo, hakimezi maneno yote hayo?

Sumayiya anamfikiria binti yake Babra, mwenye miaka sita, ambaye ataishi naye kambini iwapo yeye Sumayiya atapata kazi hii.

"Babra naye ataandika hivyohivyo," anasema. "Wao ndio wapanue kisanduku."