Noti Kwenye Paji la Riziki

Nikipiga simu ofisi fulani za mjini huwa naambiwa nisubiri, kisha nawekewa muziki: fidla zinakimbizana, na chini yake kinanda cha kizamani chenye sauti ya vijiko vikimwagika kwenye sinia. Wengine husonya. Mimi hucheka peke yangu. Ule ni muziki wa Baroki, na mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na minne naujua kuliko mnavyonidhania.

Wazazi wetu walipofariki tulibaki wawili hapa mtaa wa Bertrams, mimi na mdogo wangu Riziki, aliyekuwa na miaka tisa. Mama Furaha, jirani kutoka Bukavu kama sisi, alituchukua chumbani kwake. Mchana nilisuka wateja nywele pamoja naye mjini. Jioni nilimpeleka Riziki kwa Mwalimu Thandi, aliyefundisha fidla bure watoto wa mtaa. Nilikaa nyuma nikisubiri, na masomo yakaniingia bila kualikwa.

Mwalimu alisema Baroki ni muziki wa Ulaya wa miaka mia tatu na zaidi iliyopita, wenye madoido mengi kama geti la tajiri mpya. Besi hutembea chini bila kupumzika, na sauti nyingine hupamba juu yake. Majina ya watunzi yalinishinda, nikawapa yangu. Baba Ishirini alikuwa Mjerumani mwenye watoto ishirini. Utulivu wa kuandika aliupata wapi, Mungu ndiye ajuaye. Bwana Fimbo aliongoza wanamuziki wa mfalme kwa kugonga sakafu na fimbo nzito, hadi siku alipojigonga mguu, kidonda kikamuua. Niliyempenda ni Padri Mwekundu, wa nywele nyekundu, aliyefundisha fidla wasichana yatima mpaka wageni wakawa wanavuka milima kuja kuwasikiliza. Niliposikia hayo nikakata shauri: muziki huu ni wetu.

Mwisho wa mwaka, Jumamosi moja mchana, kulikuwa na onyesho mbele ya waamuzi watatu. Watoto wawili tu wangeendelea na masomo na kubaki na fidla. Za wengine zingerudi kabatini. Riziki alikuwa analala na yake kitandani kama mwanasesere. Mwalimu akanipa kazi moja: "Dada, hakikisha watu wenu wananyamaza. Hakuna makofi hadi mwisho. Sharp? Tumeelewana?"

Watu wetu walikuwa mmoja tu, Mama Furaha.

"Nimesikia," alinijibu, akijifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza. "Nitanyamaza kama samaki."

Riziki akapanda jukwaani na mpiga kinanda wake. Sehemu ya polepole ilipita salama, ingawa Mama Furaha alininong'oneza, "Hata msibani kwetu watu hawakai hivi." Ikaja ya haraka. Besi ikaanza kuzunguka palepale, tena na tena, kama gitaa la kanisani pale waumini wanaposimama kucheza. Nikaona bega lake la kushoto linaamka. Likafuata la kulia.

"Mama, tafadhali."

"Mutoto anapiga hivi, na mimi nikae kama gunia? Niache!"

Akachomoa noti kifuani, akailamba, akainuka. Nikamkamata kitenge kwa mikono miwili. Kitenge kikabaki kwangu. Yeye akaendelea na kile kingine, akicheza taratibu hadi jukwaani, akambandika Riziki noti kwenye paji la uso.

Kwetu mwanamuziki hutuzwa hivyo, kanisani na harusini. Ukumbi ule haukujua. Mpiga kinanda alitoa macho, ila vidole vyake havikusimama. Noti ikateleza, ikamfunika Riziki jicho moja. Naye hakuacha. Alimaliza na jicho moja kama haramia, na Mama Furaha akapasua vigelegele vya kufika uwanja wa Ellis Park.

Nikajua fidla imekwenda. Nilificha uso ndani ya kitenge nikalia.

Majina yaliposomwa, la pili lilikuwa la Riziki. Mwamuzi mmoja mzee alikuwa amesema mtoto asiyesimamishwa na noti jichoni hatasimamishwa na kitu. Mwalimu naye akaniambia, akifuta machozi ya kicheko, kwamba enzi za watunzi wale, watu kwenye kumbi za maonyesho walikula, walipiga soga na kushangilia. Ukimya ulikuja baadaye.

Haikunipoza. "Umetuaibisha," nilimwambia Mama Furaha njiani.

"Eish! Umemvua mama yako nguo mbele ya watu, halafu aibu ni yangu?"

Ilinichukua miaka kuelewa. Kwetu, mtoto akipiga vizuri, anayetangulia kusimama na kumtuza ni mzazi wake, ili umati ujue ni wa nani. Mchana ule kila mtoto alikuwa na mama au baba viti vya mbele, akimpungia mkono. Riziki alipanda jukwaani na jina lake tu. Mama Furaha aliliona hilo, akaenda kuuambia ukumbi mzima kwa namna aliyoijua. Na mimi dada mkubwa, niliyejigamba kwamba nimeshika nafasi ya mama, nilikuwa nyuma yake, namvuta arudi akae.