Kilio Alichonyimwa Mathews

Nabututu akiimba matangani, maiti hutikisa kidole cha mguu. Nilijionea huko Seme, kidole gumba cha kulia, na wenye msiba wakaniambia, "Dani, nyamaza, usitishe wageni." Hapa mtaani Obunga wote huniita Dani, yaani nyanya, hata wazee wanaonishinda miaka. Kama hamtaki kuamini habari ya kidole, basi iacheni. Hii nyingine niaminini.

Nabututu ni binti wa Port Victoria, aliyeolewa na Mathews, fundi wa kujenga kutoka Bondo. Chumba chao na changu vilikuwa ukuta mmoja. Kazi ya Nabututu ilikuwa kuimba kwenye matanga, na watu walimfuata kutoka mbali. Kabla ya kuimba aliuliza marehemu alipenda kula nini, alimtania nani, aliogopa nini. Halafu aliyaweka yote kwenye wimbo, mpaka hata aliyemchukia marehemu akatafuta leso.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Yeye alilaumu moshi wangu, maana mimi hukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, na moshi wake hauna adabu. Pasta alilaumu nyimbo za matanga. Nabututu akanywa tangawizi, akatafuna kitunguu saumu, akaombewa mpaka kichwa kikamuuma kwa kushikwa. Siku moja sauti ikakatika katikati ya wimbo, mbele ya jeneza. Akabaki mdomo wazi. Wenye msiba wakawasha spika.

Mathews akampeleka hospitali mjini. Nami nikafuata, nani angebaki nyumbani? Daktari, mama mmoja mpole, alimpitishia mrija wenye kamera puani, tukaona kwenye skrini kinundu kimekaa kwenye nyuzi za sauti, kadiri ya punje ya kunde. Wakakikata.

"Sasa ni kunyamaza," daktari akamwambia. "Usiongee, usinong'one, usilie kwa sauti, mpaka nikuone tena. Kidonda kikichanika, sauti ya kuimba usiitarajie."

Tukiwa njiani kurudi Mathews alifurahi sana. "Mke wangu amenyamazishwa na daktari. Wanaume wa Obunga wataniomba namba yake." Halafu akamshika bega, akamwita binti wa Port kwa Kiluo. "Sikia, Nyar Port. Hata nikifa mimi, usifungue huo mdomo. Pona kwanza. Utanililia baadaye."

Nabututu akampiga kofi la mgongo. Tukacheka watatu, mmoja bila sauti.

Wiki iliyofuata mbao ya jukwaa ilivunjika chini ya Mathews kwenye jengo walilokuwa wakijenga. Wenzake walipokuja kutuambia, kofia zao mikononi, Nabututu aliuma leso yake mpaka ikachanika. Alipiga ardhi kwa miguu. Mdomoni hakikutoka kitu.

Kwao Mathews, mke ndiye huanza kilio. Mwili ukifika langoni, mjane hutangulia akiwa na koti la mumewe, analia, na wengine wote hupokea kwake. Mjane asipolia, watu huanza kuulizana anajua nini kuhusu kile kifo.

Hilo nililijua. Tulipokaribia lango kule Bondo nikamwambia sikioni, "Wewe fungua mdomo tu. Kulia niachie mimi." Nikajibana nyuma yake, nikapiga nduru. Kwa hatua kadhaa tuliwaweza. Lakini sauti ya Nabututu inajulikana Siaya nzima, na yangu ni ya punda mwenye kifua. Owiti, mdogo wake marehemu, akainua mkono. Watu wakanyamaza.

"Hiyo ni sauti ya nani?"

"Ya mjane," nikasema.

"Mjane amemmeza Dani?"

Wengine walicheka, kisha wakaona haya. Owiti akamgeukia shemeji yake.

"Nyar Port, umewalilia watu usiowajua, ukala wali wao. Huyu ni mume wako. Mlilie."

Nabututu akaonyesha koo lake. Nikaeleza habari ya kinundu na amri ya daktari.

"Daktari amezuia mke kumlilia mume? Huyo daktari hakuzaliwa na mtu?"

"Mathews mwenyewe alimkataza," nikasema. "Nilikuwepo. Alisema hata nikifa, usifungue mdomo."

Hapo ndipo mama yake Mathews, Perez, aliponiangalia. "Dani, si ni wewe uliyenisimulia kidole cha maiti wa Seme?"

"Ni mimi, mama, lakini hili..."

"Mwanangu aseme asililiwe?"

Hakungoja jibu. Aliketi chini kwenye vumbi akaanza kilio mwenyewe, mama anatangulia na mke yupo. Nikaona Nabututu amefungua mdomo, nikajua sasa ataachilia. Akaingiza mkono wa koti la Mathews mdomoni, akauuma.

Baada ya maziko hakuna aliyetuletea maji ya kunawa tule.

Sauti ilirudi. Daktari alichungulia, akatabasamu, akamwambia aimbe taratibu. Ilirudi yote, na chini yake kuna kitu kizito ambacho zamani hakikuwepo. Ila simu haikulia. Alipowapigia wenye misiba, mmoja alimjibu wazi, "Hukumlilia mumeo. Utamlilia baba yangu?" Siku hizi anakaanga mgongo wazi kando yangu. Jeneza likipita barabarani na spika zake, anageuza samaki ambaye hajaiva.

Mwezi uliopita alivaa lile koti, akaniambia twende Bondo. Owiti alitukuta langoni, akalifunga. "Kilio cha sasa ni cha kutafuta shamba la ndugu yangu," akasema, akaenda zake.

Basi Nabututu akasimama nje ya ua wa miti, akamlilia Mathews kutoka barabarani. Aliweka yote: samaki aliyependa, utani wake, ile mbao. Perez alikuwa uani akipukuchua mahindi. Mikono yake ilisimama, ikakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kisha ikaendelea kupukuchua. Hakuna aliyefungua lango.

Tukiwa tunarudi, Nabututu akaniuliza, "Dani, unadhani alisikia?"

"Niliona udongo wa kaburi ukitikisika," nikamwambia.

Akavua lile koti, akalikunja.

"Dani," akasema, "leo usiongeze chumvi."