Siku Niliyogoma Kunawa

Juzi hapa Minto, mtaa wa ughaibuni tunakoishi sasa, mjukuu wangu Debora alikuwa akiwanawisha wanawe walipotoka shule, na yule mdogo, Ezra, akagoma. Harufu ya sabuni ikanirudishia woga wa zamani.

Nilikuwa mtoto, tukiishi kambi ya wakimbizi, na kipindupindu kilikuwa kimeingia. Mchana ule nilichungulia wanawake wakimwosha bibi yake rafiki yangu Konsesa. Walimviringisha shuka, akachukuliwa, hakurudi. Basi alasiri, mama alipotuita kunawa kabla ya kula kama kila siku, nilikimbilia nyuma ya nyumba.

“We Speransa, huli leo?” mama akaniita.

“Sili! Mkishaniosha mtanizika!”

Kaka yangu Yuvenali akacheka. “Tutakuzika, ila mdomo tutauacha nje, maana haunyamazi.”

Nikapiga yowe. Mama hakucheka. Alinishika mkono, akanivuta hadi kwenye beseni.

“Mwanangu, nakuosha ili nisikuzike.”

Sikumwamini. Leo najua ni kunawa kule kwa kila siku kulikotubakiza hai, lakini wakati ule nilimtazama usoni nikidhani ananiaga. Alinisugua kidole kimoja kimoja mpaka kwenye kucha, na maji yalipokwisha hakuniachia mkono.