Tisini na moja mbele ya wazazi wote

Haya hii nimeikalia mwaka muzima, na hata leo nikipita mbele ya ile shule ninageuza uso kutazama ziwa, lakini niseme ukweli, nilijipikia mwenyewe.

Mwayuma, binti yangu wa kwanza, alikuwa darasa la tano primeri, wanajifunza nomba premie, zile namba zinazogawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu. Akaniuliza kama tisini na moja ni premie. Nilikuwa nanyonyesha mudogo wake, ugali uko motoni, nikajaribu kugawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, ikakataa, nikasema ni premie.

"Mwalimu alisema tujaribu na saba pia."

"Mimi nilimaliza sekondari, Mwayuma. Andika."

Namba hiyo hiyo ikatoka kwenye mutihani, naye akaandika nilivyomwambia. Siku ya kutangaza matokeo, wazazi wote uwanjani, direkta akamwita wa pili. Alikosa pointi moja tu, ile ya tisini na moja. Na wa kwanza njo alikuwa anapelekwa Kabimba kushindana hesabu, mutoto wangu alishafua na gauni la kuvaa ndani ya boti. Nikasimama, mudogo mugongoni: "Sitwayen Mwalimu, hiyo pointi umemwibia." (Sitwayen, yaani raia, maana serikali ilikuwa imekataza kuitana bwana.)

Mwalimu akaomba karanga kwa Mama Feza, muuzaji wa pale mulangoni, akahesabu tisini na moja mezani. "Mama Mwayuma, panga mafungu ya saba saba. Ikibaki hata moja, Mwayuma anaenda Kabimba."

Nikapanga kwa hasira, watu wanahesabu pamoja nami. Fungu la kumi. La kumi na mbili. La kumi na tatu, na mukono wangu mutupu. Nikainama kutafuta chini ya meza.

"Muangalie wa mugongoni," Mama Feza akasema, "labda amekula moja."

Na mimi, mujinga, nikamufungua mutoto kinywa. Uwanja muzima ukacheka. Mwayuma peke yake hakucheka. "Nilikuambia saba, Mama."

Yule mwalimu bado ananiudhi, maana alinisahihisha kwa heshima. Angenitukana ningepata la kujibu. Sasa ninajua: namba kati ya kumi na mia, ikikataa mbili, tatu, tano na saba, njo premie. Nimeapa sitajibu tena hesabu ya mutoto kabla sijamaliza kugawa. Lakini Mwayuma haniulizi. Nikipita karibu, anafunika kaye yake ya hesabu kwa mukono.