Kitanda cha Dirishani

Wifi yangu amepiga pasi mashuka ya ile hoteli ya ufukweni tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, na hakuwahi kulalia hata moja. Hoteli yenyewe haifui. Kila asubuhi gari lake huleta marobota ya mashuka machafu kwa dobi mjini, nyuma ya stendi, na jioni huyachukua yakiwa meupe, yamenyooka, yamekunjwa. Wifi husimama kwenye rola, ile mashine kubwa ya pasi yenye magogo ya moto, akaingiza shuka upande huu na mwenzake akalipokea upande wa pili. Mikono yake inanukia wanga na mvuke hata siku za mapumziko. Nyumbani tunamwita Mama Pasi, na mwenyewe anaitika.

Mume wake alikuwa kaka yangu. Alipofariki, wifi yangu alirudi kazini mapema kuliko tulivyotarajia, hakulia mbele za watu, na akaacha kulala. Simaanishi kwamba alilala vibaya. Aliacha. Kitanda chao alikitandika vizuri, yeye akahamia kwenye kochi la sebuleni, ameketi wima, mtandio mabegani. Ukimkuta asubuhi yuko vilevile, macho mekundu, na wa kwanza kukuuliza kama umelala salama ni yeye. Tulimshauri mpaka tukachoka sisi.

Basi siku moja akasinzia amesimama pale kwenye rola. Mkono wa gauni lake uliingia pamoja na shuka, na kama mwenzake asingewahi kubonyeza kitufe chekundu, leo ningekuwa nasimulia mengine. Bosi wake ni mtu wa mkono wa birika, hata sabuni ya kunawia anaikata vipande. Lakini hoteli ilikuwa imempa zawadi ya kukaa siku mbili, watu wawili, kula na kunywa na kila kitu ndani, maana mvua zilikuwa zimeanza na vyumba viko vitupu. Alikuwa ameshapanga kwenda na mkewe. Akamwita wifi yangu, akamkabidhi ile zawadi.

"Nenda ukalale," alimwambia. "Ukirudi hivihivi ulivyo, kwenye rola sikuweki tena. Sitaki kuja kumzika mtu."

Na nje ya rola pale kwa dobi hakuna kazi nyingine isipokuwa kubeba marobota, ambayo ni kazi ya vijana wenye migongo mipya. Kwa hiyo safari yetu ilikuwa na shughuli moja tu, wifi alale. Alinichagua mimi nimsindikize, na nilimwambia wazi kwamba yeye atashughulika na usingizi, hayo mengine aniachie mimi. Nauza mabeseni na ndoo sokoni. Mtu wa sokoni akiambiwa kila kitu ni bure, mwili wote unamsisimka.

Tulifika mchana, mvua nyepesi inanyunya. Sijui niseme vipi jinsi kulivyokuwa. Kila kitu pale kilikuwa cheupe na cha polepole. Njia za kwenda vyumbani zilikuwa na mapazia mepesi pembeni, yanapumua ndani na nje pamoja na upepo, na zaidi ya mapazia ulikuwepo ukungu, na ndani ya ukungu ilikuwepo bahari ambayo huioni, unaisikia tu ikijivuta na kujirudisha. Watumishi walipita bila viatu vyao kutoa sauti. Waliongea chini chini, kama nyumba yenye mtoto mchanga aliyelala. Hata mimi, ambaye sauti yangu inajulikana soko zima, nilijikuta nanong'ona kuomba maji ya kunywa.

Chumbani kulikuwa na vitanda viwili. Juu ya kila kimoja walikuwa wamekunja taulo likawa bata, na kila mto umewekewa ua jeupe. Wifi hakutazama bata wala bahari. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha dirishani, akapiga magoti, akafunua pindo la shuka pale kwenye kona. Kulikuwa na uzi mdogo wa buluu umeshonewa. Kwa dobi kila hoteli ina rangi ya uzi wake, mashuka yasichanganyike.

"Ni letu," akasema, akalipapasa taratibu kwa kiganja kama anampapasa mtu mgonjwa. Nikamwambia ukipapasa sana utalitoboa, lala. Akatabasamu.

Mimi nikaingia kazini. Nilioga maji ya moto, nikaoga ya baridi, nikarudia ya moto. Nilikwenda kwenye chumba cha mvuke nikakaa mpaka nikaona nyota. Nikaelea kwenye bwawa mvua ikininyeshea usoni, maji juu na maji chini, nikasahau kwa muda kwamba nina miguu. Kwenye chakula nilijaza sahani mpaka mhudumu akaniuliza kwa heshima kama nangoja mwenzangu. Nikamjibu ndiyo, nangoja tumbo la pili. Nikaulizia pia karamu ya kesho yake jioni, ambayo tulikuwa tumeona tangazo lake mlangoni: kamba wakubwa na kaa, wanachomwa mbele yako, unakula mpaka ushindwe mwenyewe. Nikamwambia wifi hiyo karamu ndiyo nguzo ya safari hii. Yeye alikula kidogo, akitazama vitambaa vya meza, akivigeuza kuona vimepigwaje pasi.

Wakati wa kulala nilimtahadharisha. Ukoo wetu tunakoroma, na kaka yangu ndiye aliyekuwa bingwa, vikombe vilikuwa vikitikisika kabatini. Wifi akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu msiba. Alisema anajua, aliolewa nacho hicho kikohozi cha trekta. Nikalala nimefurahi. Kitanda kile hakikuwa na mwisho. Nilizama, na sauti ya bahari ikaja na kuondoka juu yangu, na sikumbuki kingine chochote.

Nilipoamka, wifi alikuwa ameshaoga. Kitanda chake kimetandikwa, hakuna hata mkunjo. Nikamuuliza kama amelala, akasema amelala. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Niliingia bafuni, na nilipotoka nikakuta na changu amekitandika, taulo nililoogea jana amelikausha na kulikunja tena likawa bata, takataka amezitoa mwenyewe mpaka nje, na begi letu amelisukuma chini ya kitanda, maana kwa dobi mizigo ya wafanyakazi huwekwa chini ya meza isionekane. Nikamwambia, wifi, hapa wewe ni mgeni, wapo watu wa kazi hiyo. Akasema hao watu wa kazi hiyo ni sawa na yeye, wana migongo pia.

Tukaenda kutembea ufukweni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mchangani, nyayo zetu zinajaa maji na kufutika nyuma yetu. Niliamini tumeshamaliza lile lililotuleta, na kilichobaki ni kamba wangu wa jioni.

Tuliporudi mchana, kadi ya mlango iligoma. Nikaichomeka, taa nyekundu. Nikaifuta kwa gauni, nyekundu. Mara mlango ukafunguka kwa ndani, akatokea kijana amejifunga taulo kiunoni, na nyuma yake bibi harusi ana maua bado kichwani. Bibi harusi alikuwa ameshika mkononi bata wangu.

Nilikuwa wa kwanza kupata sauti, na safari hii sikunong'ona. Msimamizi wa mapokezi alikuja mbio, na mhudumu wa vyumba nyuma yake, msichana mnyonge ameshika ufagio. Ikaja kujulikana kwamba alipoingia kufanya usafi alikuta chumba hakina dalili ya mtu. Vitanda vimenyooka, taulo kavu, pipa tupu, nguo hakuna. Akatoa taarifa kwamba wageni wa chumba hiki wameshaondoka. Mapokezi wakawapa maharusi. Nikamwambia yule msichana kwamba angalau angeinama chini ya kitanda.

"Nisamehe, mama," alisema. "Lakini kile cha dirishani hakikulaliwa. Lile ua niliweka mwenyewe jana juu ya mto. Nimelikuta limenyaukia palepale."

Nilimgeukia wifi. Alikuwa anaangalia sakafu. Shuka unaweza kulinyoosha, na kama ni yeye atalinyoosha mpaka shetani asijue. Ua hakuligusa kwa sababu hakuwahi kuweka kichwa kwenye ule mto.

Walituomba radhi sana. Wakatupandisha ghorofa ya juu kabisa, chumba ambacho siku nyingine nisingeruhusiwa hata kukifagia, bahari iko pande mbili na bafu limewekwa katikati kama meza. Siku nyingine ningeona nimekomba bahati yote ya mwaka. Nilichokiona wakati ule ni kitanda kimoja tu, kikubwa, na wifi yangu amesimama pembeni yake.

Nikamketisha. Nikamuuliza alikuwa wapi usiku wote. Akaonyesha kwa kidevu kule barazani, kwenye kiti. Nikakasirika, siwezi kuficha, nikamwambia kesho kutwa anarudi kwa bosi akiwa vilevile na rola ndiyo basi tena, na mimi nimekuwa nikila kama mwendawazimu nikidhani mwenzangu analala. Aliniacha nimalize.

Ndipo akaniambia. Kila alipotoka kazini, kaka yangu alikuwa akimuuliza leo amewatandikia wakubwa mashuka mangapi, na wao wawili watayalalia lini. Siku zote alimjibu, iko siku. Lilikuwa neno la mchezo tu, la kupokelea sahani ya chakula. Sasa siku imefika na yeye yuko peke yake.

"Nikapanga nijilaze hivyo hivyo," akasema. "Nikafika ukingoni mwa kitanda. Wewe ukaanza kukoroma. Wifi, ni yeye. Ni yeye mtupu, mpaka pale anapokata pumzi halafu anamalizia kwa mluzi. Nikatoka nje nikafunga mlango."

Nilisema nitaomba kitanda kingine, nitalala bafuni, mradi yeye apate utulivu. Akanishika kiganja. Kiganja chake kina ngozi ngumu kwa ajili ya joto la miaka mingi, hakisikii chai ya moto, lakini wakati ule kilikuwa laini.

"Halafu nikaufungua tena ule mlango," akasema. "Kidogo tu, nisikie. Nilikaa nikakusikiliza mpaka kukapambazuka."

Mvua ilikuwa imeongezeka. Huko nje bahari na mbingu zilikuwa zimekwisha kuwa kitu kimoja, cheupe, na chumba kikawa kama kimening'inia ndani yake. Wifi alikunja ncha ya shuka, akautafuta uzi wa buluu, akauona. Akavua viatu.

"Lala upande ule," akaniambia. "Halafu ukorome."

Nikamwambia mtu hakoromi kwa kuagizwa. Akasema yeye atangoja, amezoea kungoja. Nikajilaza upande ambao ungekuwa wa kaka yangu, chali, mikono kifuani, najisikia mjinga. Yeye akapanda upande wa pili taratibu sana, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Shuka lilikuwa baridi kwanza, kisha si baridi. Mapazia yaliingia na kutoka. Nilisikia bahari ikijivuta, nikataka kumwambia wifi jambo fulani la utotoni, kuhusu kaka yangu na baiskeli, nikaona nimeshaanza kumwambia, nikaona ni ndoto.

Nilipofumbua macho giza lilikuwa linaingia. Chini walikuwa wamewasha taa bustanini na muziki unapanda kwa mbali, na pamoja na muziki ikapanda harufu ya kamba wanaochomwa kwa siagi. Mate yalinijaa mdomoni. Karamu yangu ilikuwa imeanza. Nikataka kuinuka, nikakuta mkono wangu umeshikwa.

Wifi yangu alikuwa amelala. Alilala mdomo wazi, kilemba kimemtoka, mvi zake zimetawanyika juu ya mto, anapumua kwa kina mpaka shuka linapanda na kushuka. Sikuwa nimemwona hivyo tangu zamani mno. Nilitazama dirisha, nikatazama ule mkono. Nikafikiria kaa, kwa kweli niliwafikiria sana. Kisha nikarudisha kichwa kwenye mto na kukoroma kwa kusudi, kwanza kwa kuigiza, baadaye kwa kweli.

Hatukuamka mpaka mwanga wa asubuhi ulipojaa chumba. Mvua ilikuwa imekatika na bahari imeonekana kwa mara ya kwanza, ya buluu mpaka ukomo. Wifi aliketi kitandani akaitazama muda mrefu, alama za mikunjo ya mto zimemchora shavu zima. Aliniuliza kama kamba walikuwa wazuri. Nikamwambia sijawahi kula kamba wazuri kama wale. Alinijua, akacheka.

Tulifungasha. Kitanda kilikuwa hakitazamiki. Shuka limeburuzwa mpaka sakafuni, limefinyangwa, upande wake wa mto una doa la mate ya usingizi. Mimi, kwa kuwa nimeshajifunza tabia zake, na nikimwonea huruma yule msichana wa ufagio, nikainama nianze kulinyoosha. Akanizuia mkono.

"Liache, wifi," akasema. "Jumatatu litakuja kwangu, nitalipiga pasi mwenyewe. Leo wajue kuna watu walilala hapa."