Jina la Babu, Mshipa Wangu

Kwetu Tetu mtoto huzaliwa akiwa tayari anajulikana. Kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na jina haliji peke yake. Huja na hasira za mwenyewe, mwendo wake na hata maradhi yake. Ndiyo maana nyanya, mama yake baba, alimwita kaka yangu "mzee wangu" tangu akiwa kwenye nepi. Akivunja sahani, nyanya alicheka na kusema hata mzee alikuwa na mikono ya kuteleza. Mimi, msichana wa pili, nilipewa jina la nyanya mzaa mama, mfumaji wa vikapu vya viondo kule Gakindu. Urefu wangu ulisemekana ni wake, na vidole vyangu virefu pia. Nikivunja sahani nilichapwa.

Babu hatukumkuta. Alianguka akipasua kuni nyuma ya nyumba, akilia kwamba mgongo unachanika. Halafu, nikiwa kidato cha pili, miaka ya themanini, baba alitua kikapu chake cha majani ya chai kwenye kituo cha kupimia chai, Giakanja, akashika kifua, akasema maneno yale yale, akaketi chini. Hakuinuka tena. Majirani walisema mengi, na sitayarudia, kwa sababu waliosema walikuja matanga wakala wakashiba.

Daktari mmoja mjini Nyeri aliposikia jinsi wote wawili walivyokufa, alimweleza mama kwamba kuna ugonjwa unaorithiwa, unaolegeza viungo na mishipa. Ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni hupanuka polepole, kama mdomo wa soksi iliyokwisha nguvu, na mtu hasikii chochote hadi siku unapopasuka. Lakini ugonjwa wenyewe unaweza kupimwa, na aliye nao akalindwa. Akasema mama alete watoto siku daktari wa moyo atakapokuja kutoka Nairobi na mashine yake.

Mama alirudi na habari hiyo nyumbani, na nyanya akairekebisha.

"Watoto gani? Mwenye jina ni mmoja."

Simlaumu. Alikuwa amemzika mume, akamzika mwana, na sasa aliona kifo kile kikimdai mwenye jina. Kuanzia jioni hiyo kaka alikatazwa kuinua kitu chochote. Alikalishwa karibu na moto, akapewa mayai. Maji nilichota mimi, debe zima mgongoni, ukanda wa ngozi kwenye paji la uso, nikipanda kilima kutoka mtoni. Kuni vilevile. Nilinung'unika, nikamwita mgonjwa wa mayai, naye aliona aibu.

Siku ya kupimwa ilipofika, nilikwenda kwa sababu moja tu: kulikuwa na kapu la chakula na chupa ya chai, na mgonjwa hakuruhusiwa kubeba.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi. Alimlaza kaka, akampaka mafuta baridi kifuani, akatazama kioo cha mashine kwa muda mrefu.

"Huyu yuko sawa kabisa," alisema.

Mama alilia kwa furaha. Nikainama kuchukua kapu, na hapo daktari akaniona, akatazama urefu wangu na vidole vyangu. Aliniambia nizungushe vidole kwenye kifundo cha mkono wangu mwingine. Kidole gumba na kidole cha mwisho vilikutana, vikapitana.

"Na huyu mbona hamumleti?"

"Huyo ni wa upande yangu, daktari," mama alisema. "Amechukua mamangu, ule wa Gakindu."

"Mama, mimi napima watoto wa marehemu. Huyu si mtoto wake?"

"Ni wake."

"Basi alale hapa."

Nililala. Mashine ilinguruma kidogo, naye akarudia kupima, akapima tena. Mshipa wangu ulikuwa umeanza kupanuka. Bado haukuwa wa kupasuliwa, alisema, ila kuanzia leo nimeze dawa ya kutuliza moyo, nisibebe mizigo, na kila mwaka nirudi apime kama umeongezeka. Niliogopa. Nilikumbuka kile kilima cha mtoni, na yale madebe yote.

Kaka alinipokonya kapu.

Kesho yake asubuhi alichukua debe na ukanda akaenda mtoni. Kwetu wakati huo mvulana aliyetahiriwa hakuonekana na ukanda wa maji kichwani hata iweje. Wenzake walimcheka njia nzima. Wasichana walimwuliza anaolewa lini. Nyanya alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ati nini? Mzee wangu hajawahi kuchota maji!"

"Basi huyu anachota," kaka alijibu, akapita.

Alichota mpaka nilipomaliza shule. Dada yetu mkubwa, aliyekwisha kuolewa, alikuja kutoka Nanyuki akapimwa pia, akaonekana mzima. Mimi nilirudi kwa yule daktari mkali mwaka baada ya mwaka, naye alinigombeza kila mara kwa kuchelewa, na kila mara nilitoka nikiwa na mwaka mwingine mkononi. Nimeshapita umri wa baba. Namshukuru daktari yule, na kaka namshukuru zaidi, ingawa nikimwambia hivyo huniuliza kama nataka kukopa.

Nyanya hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa hivyo. Lakini jioni moja, tukiwa jikoni sote tukingoja githeri ya mahindi na maharagwe iive, aliita kutoka kwenye kigoda chake:

"Mzee wangu, umekunywa dawa?"

Kaka aliitika kwa mazoea, akasema yeye hana dawa yoyote.

"Si wewe," nyanya alisema, akanipa kikombe cha maji.