Kina Tata Princesse watatu

Farida, karani wa ushirika wa wachimbaji wa Mutoshi, hapendi kazi ya kurudiarudia. Maabara ilipotaka kila timu iwe na faili yake, alikataa kuikatakata kwa mkono ile faili moja kubwa ya XML yenye vipimo vya shaba vya timu zote. Aliandika skripti fupi ya Perl: ikikuta mwanzo wa timu inafungua faili mpya, ikifika mwisho inaifunga. Kila faili aliipa jina la mkuu wa timu.

Timu zilikuwa arobaini. Faili zikatoka thelathini na nane.

Asubuhi nzima aliitukana kompyuta, mpaka mchimbaji mmoja akasimama mlangoni na buti zake za matope.

"Mama Farida, mi ni Tata Princesse. Karatasi yangu iko tayari?"

"Tata Princesse wa shimo gani?"

"Ya saba. Ule wa shimo ya tatu ni mwengine. Na kuko ule wa kumi na mbili."

Farida akashusha pumzi. Huku mwanaume huitwa tata, yaani baba, wa mtoto wake wa kwanza, na faili ya kila Tata Princesse ilikuwa imefuta ya mwenzake. Ile faili kubwa ilikuwa bado nzima. Akaongeza namba ya shimo kwenye kila jina, akaendesha skripti upya. Arobaini. Akaichapa ya shimo la saba.

"Hii hapa, tata. Tata Princesse wa saba."

Mchimbaji akaisoma, akakunja uso.

"Toa ile namba, mama. Princesse wangu ndiye alizaliwa wa kwanza. Bale ba shimo ya tatu na ya kumi na mbili ndio baweke namba."